Tairi la Gari Linalovuta Tela



Wakati wa mavuno wengi wetu hatuna lori. Kikundi kina pikapu moja tu, na nyuma yake tunafunga tela ili mazao yafike sokoni kwa safari moja badala ya mbili. Mpango huo ni mzuri, lakini unategemea tairi. Nasi tukienda kununua tairi huuliza mambo mawili tu: ukubwa huu upo? Na bei gani? Leo tutaeleza kwa nini maswali hayo hayatoshi kwa gari linalovuta tela.

TELA LINAONGEZA UZITO WAPI?

Watu wengi hudhani kwamba uzito wa tela wote unabebwa na tairi za tela lenyewe. Sivyo. Tela lililopakiwa vizuri huegemeza kama sehemu moja ya kumi ya uzito wake juu ya ndoano ya gari. Na kwa kuwa ndoano iko nyuma ya ekseli, uzito huo hufanya kazi kama mtaimbo: hunyanyua mbele kidogo na kukandamiza nyuma zaidi. Kwa hiyo tairi mbili za nyuma ndizo zinazoumia.

Haya, tupige hesabu ya mfano. Tuseme pikapu tupu ina kilo 700 juu ya ekseli ya nyuma. Umepakia magunia 8 ya mahindi, kila moja kilo 100, na karibu mzigo wote uko juu ya ekseli hiyo. Hapo ni kilo 1,500. Tela tupu lina kilo 300, ukalipakia magunia 9, jumla kilo 1,200. Sehemu ya kumi yake ni kilo 120, na kwa sababu ya ule mtaimbo tuhesabu kilo 160. Ekseli ya nyuma sasa ina kilo 1,660. Gawa kwa tairi mbili: kila tairi linabeba kilo 830.

SOMA UBAVU WA TAIRI

Sasa basi, utajuaje kama tairi linaweza kubeba kilo 830? Jibu limeandikwa ubavuni. Chukua mfano wa maandishi haya: 195R14C 106/104R. Namba 195 ni upana kwa milimita. R ya kwanza ni aina ya radiali, na 14 ni ukubwa wa rimu kwa inchi. Herufi C inaonyesha kuwa ni tairi la gari la mizigo.

Namba inayotuhusu hasa ni 106. Hiyo siyo kilo. Ni namba ya uzito, na kila namba ina kilo zake. Namba 106 ni kilo 950 kwa tairi moja. Ile 104 ni kilo 900, nayo hutumika pale tairi mbili zinapofungwa pamoja upande mmoja. Herufi ya mwisho ni ya mwendo.

Kumbe tairi jingine, la gari dogo la abiria, laweza kukaa vizuri kabisa kwenye rimu ile ile na likawa na namba 95. Namba 95 ni kilo 690 tu. Bei yake huenda ikavutia, lakini kwa mzigo wetu wa kilo 830 limezidiwa kwa kilo 140 kabla gari halijaondoka. Mbavu zake laini zitapindapinda, zitapata joto, na kwenye mteremko mrefu kama wa Kitonga linaweza kupasuka. Hapo hatuzungumzii tena bei ya tairi, bali mavuno ya mwaka mzima na roho za watu.

Tena, ndugu zangu, tujihadhari na lumbesa. Gunia la lumbesa halina kilo 100. Likiwa na kilo 120, kwa magunia yale yale 17, kila tairi la nyuma litabeba kilo 920 hivi. Ile akiba ya kilo 120 uliyokuwa nayo kwenye tairi la 106 sasa imebaki kilo 30 tu, na barabara ina mashimo.

Wala usisahau tairi za tela. Katika mfano wetu wa kwanza zinabeba kilo 1,080, yaani kilo 540 kila moja. Nazo zisomwe ubavuni vile vile.

MAMBO MENGINE YA KUANGALIA

Kwanza, upepo. Tairi hubeba kilo zake iwapo tu lina upepo wa kutosha. Pima asubuhi likiwa baridi, kwa kipimo, siyo kwa kulipiga teke. Fuata kibao cha gari, ambacho mara nyingi hubandikwa kwenye mlango wa dereva, kwa upepo wa gari lenye mzigo. Usizidishe kiasi kilichoandikwa kwenye tairi, na usipunguze upepo njiani kwa sababu tairi limepata moto.

Pili, umri. Tafuta namba nne za mwisho baada ya herufi DOT. Zikiwa 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba laweza kuwa na meno mazuri huku mpira umezeeka. Ukiona nyufa ubavuni, liache.

Tatu, meno. Kwa lami, mistari ya kawaida yatosha. Meno makubwa yanafaa kwenye tope la shamba, lakini juu ya lami yanaisha upesi. Tairi kipara halifai popote.

Nne, usichanganye radiali na zisizo radiali kwenye ekseli moja.

Tano, tairi imara haliongezi nguvu za gari. Breki, springi na ndoano vina kikomo chake, na kikomo hicho kimeandikwa na mtengenezaji. Usikivuke.

Mwisho, pakia tela mzigo mzito ukiwa juu ya ekseli na mbele yake kidogo. Uzito ukikaa nyuma, tela litayumba na kulivuta gari huku na huko. Na watu wasipande juu ya tela.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi kabla ya kwenda dukani, andikeni katika daftari la kikundi: uzito wa gari, uzito wa tela, idadi ya magunia na kilo za kila moja. Gawanyeni kwa tairi, kisha mwulizeni mwenye duka swali la tatu: tairi hili linabeba kilo ngapi?