Kisanduku msituni, mbwa kando: mchezo unaosimama juu ya uaminifu

Katika inchi nyingi duniani, watu hutumia siku zao za mapumziko kwa mchezo mmoja: kuingia msituni ao kupanda kilima, simu mkononi, ili kutafuta kisanduku kilichofichwa na mtu wasiyemfahamu. Wengi hawaendi peke yao, huongozana na mbwa wao. Mchezo huo unaitwa jiokashingi. Ulizaliwa Marekani mwaka wa 2000, na leo kuna visanduku zaidi ya milioni 3 katika mabara yote, hata Antaktika.

Mtu wa Goma, Beni, Bukavu ao Bunia akisikia habari hiyo kwa mara ya kwanza, swali lake la kwanza ni hili: nani anafungua kisanduku asichojua kimewekwa na nani? Swali hilo ndilo kiini cha mchezo wenyewe.

Ndoo ya kwanza

Hadi mwanzo wa Mei 2000, jeshi la Marekani lilikuwa likipunguza kwa makusudi usahihi wa GPS kwa raia. Mtu aliweza kuonyeshwa mahali palipo umbali wa hadi mita 100 na pale aliposimama kweli. Rais Bill Clinton aliamuru kizuizi hicho kiondolewe, na mara moja vifaa vya raia vikaanza kuonyesha mahali kwa kosa la mita chache tu.

Siku ya 3 Mei 2000, Dave Ulmer, mtaalamu wa kompyuta, alitaka kupima usahihi huo mpya. Alichukua ndoo ya plastiki, akaifukia nusu katika msitu karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon. Ndani aliweka vitabu, kanda za video, manati, kopo la maharagwe na vitu vingine, pamoja na daftari na kalamu. Kisha akatangaza namba za mahali hapo kwenye intaneti. Sharti lilikuwa moja: ukikipata, chukua kitu, acha kitu, andika jina lako.

Siku chache tu baadaye, Mike Teague, mkaaji wa jimbo jirani la Washington, aliipata ndoo hiyo na kuandika jina lake. Kabla mwezi huo haujaisha, mchezo ulikuwa umepata jina.

Masharti hayo hayajabadilika sana. Anayechukua kitu huacha kingine chenye thamani ileile ao zaidi. Kisanduku hurudishwa palepale kilipokuwa. Hakuna mlinzi wala faini. Kinachokilinda ni uaminifu wa watu wasiojuana.

Mbwa anafanya nini?

Simu humfikisha mtu karibu, lakini haimwonyeshi kisanduku. Katika msitu wenye miti mirefu, ao kati ya majabali, mawimbi ya satelaiti huyumba na mshale kwenye simu huzunguka. Mita kumi za mwisho ni kazi ya macho, mikono na subira.

Hapo ndipo watu wengi husema mbwa ni mwenzi mzuri. Pua ya mbwa ina vipokezi vya harufu vinavyokadiriwa kufikia milioni 300. Pua ya mwanadamu ina milioni 6 hivi. Mbwa anaweza kufundishwa kutambua harufu fulani na kukaa chini anapoifikia. Hata hivyo, mbwa wengi wanaokwenda kwenye mchezo huu hawajafundishwa kutafuta kitu chochote. Kazi yao ni kumtoa mwenyewe nyumbani. Mbwa lazima atembezwe kila siku, mvua ao jua, na kisanduku kipya humpa mwenyewe sababu ya kwenda njia ambayo hajawahi kupita.

Wengine huweka kwenye ukosi wa mbwa kibati chenye namba ya pekee. Kila mtu wanayekutana naye njiani anaweza kuandika namba hiyo kwenye intaneti, na safari zote za mbwa zikabaki katika kumbukumbu.

Lakini mbwa hategemei satelaiti, anamtegemea mwenyewe, na mwenyewe akizembea mbwa ndiye anayeumia. Mbwa hatoi jasho mwilini kama mtu. Hupoza mwili hasa kwa kuhema, hivyo jua kali na mlima mrefu vinaweza kumuua kabla mwenyewe hajachoka. Maji yake lazima yabebwe. Kurudi nyumbani, manyoya yake hukaguliwa masikioni, makwapani na kati ya vidole ili kuondoa kupe. Vyakula haviruhusiwi ndani ya visanduku, kwa sababu harufu huwaita wanyama. Chokoleti, ambayo mtoto angefurahi kuikuta, ni sumu kwa mbwa.

Wanyama wa porini nao wana haki yao. Katika hifadhi za taifa za Marekani, mbwa anaporuhusiwa kuingia lazima afungwe kamba isiyozidi mita 1,8, na hakuna anayeweza kuacha kisanduku humo bila ruhusa ya wasimamizi.

Kisanduku kinapotia hofu

Uaminifu huo una mipaka hata katika inchi zenye amani. Mwezi wa Julai 2011, katika mji wa Wetherby nchini Uingereza, mtu alionekana akishikashika kitu kidogo barabarani kisha akaondoka. Aliyemwona aliita polisi. Barabara ilifungwa, wataalamu wa jeshi wakaja, wakakilipua. Kilikuwa kisanduku cha mchezo.

Nchini Marekani, chombo kinachopendwa sana na wachezaji ni sanduku la chuma lililokuwa la risasi, kwa sababu halipitishi maji. Jeshi huyauza yakiwa matupu, na wazazi huwapa watoto wao wayafungue.

Mashariki mwa Kongo, sanduku la namna hiyo likionekana chini ya mti lina maana nyingine kabisa. Vita vya miaka mingi vimeacha makombora, maguruneti na risasi katika mashamba, kando ya barabara na mahali palipokuwa kambi. Mafundisho yanayotolewa kwa watoto mashuleni ni kinyume cha sharti la Oregon: usiguse, usikaribie, rudi kwa njia uliyokuja nayo, mwambie mtu mzima. Mbwa anayekimbia bila kamba na kuchimba kila mahali anaweza kujiumiza yeye na anayemfuata.

Kwa hiyo mchezo huu hauwezi kuchukuliwa jinsi ulivyo na kupandikizwa Masisi ao Irumu. Unahitaji kwanza udongo ambao mtu anaweza kuufukua bila woga.

Mbwa wa Rumangabo

Hata hivyo, mbwa, mtu na msitu si jambo geni huku. Mwaka wa 2011, Hifadhi ya Taifa ya Virunga ilianzisha kikosi cha mbwa huko Rumangabo, tarafa ya Rutshuru, Kivu ya Kaskazini. Ni mbwa wakubwa wenye masikio marefu, wa aina inayosifika duniani kwa kufuata harufu ya mtu. Walinzi wa hifadhi walifundishwa kuwatunza na kufanya kazi nao.

Mwaka uliofuata, baada ya tembo kukutwa ameuawa na pembe zake kukatwa, mbwa wawili walifuata harufu ya majangili kwa kilomita 7 hivi, hadi karibu na kijiji cha wavuvi. Silaha zilikamatwa. Hakuna namba za satelaiti zilizowaongoza. Waliongozwa na pua, na mlinzi mwenye kushika kamba aliamini kile mbwa alichomwambia.

Kwa familia nyingi za mijini, mbwa bado ni mlinzi wa kiwanja, hufungwa mchana na kufunguliwa usiku. Lakini kutembea naye asubuhi, kwa kamba, katika njia inayojulikana na kutumiwa na watu kila siku, hakuhitaji kisanduku wala gharama kubwa. Chanjo ya kichaa cha mbwa ndiyo ya kwanza. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 99 ya watu wanaoambukizwa ugonjwa huo huupata kutoka kwa mbwa. Aliyeng'atwa anapaswa kuosha kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, kisha aende hospitali bila kungoja.

Simu yenye GPS inaweza pia kutumika bila intaneti, ikiwa ramani ilipakuliwa mbele ya safari. Vijana wanaweza kuandika mahali penye chemchemi, daraja ao mti wa zamani, na kuwapa wenzao namba wapatafute. Cha kutafuta kiwe kile ambacho macho yanakiona: hakuna kufukua, hakuna kufungua.