Wimbo Ukikwaruza, Kagua Kompyuta Kabla ya Kulaumu Spika

Katika mtaa wa Oli jijini Arua, Kiswahili, Kinubi na Kilugbara husikika katika soko moja, na muziki nao hauulizwi pasipoti. Rumba huingia kutoka Kongo kwa njia ya Ariwara, nyimbo za Juba hushuka kupitia Oraba na Koboko, na doluka ya Wanubi iko nyumbani. Tangu Sudan Kusini ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na Kongo mwaka 2022, pande zote tatu za mpaka huu ni za jumuiya moja.

Lakini mteja aliyevuka mpaka na flashi mbovu harudi kudai. Ananunua kwingine. Na kama sidi ilikuwa nakala pekee ya kikundi cha harusi, hasara ni kubwa zaidi: sidi ikifa, kilichobaki ni kile ulichohamisha siku ile, kizuri au kibaya. Zifuatazo ni kasoro zinazojitokeza sana na dawa yake.

Sauti inarukaruka au inakwaruza

Hapa tatizo ni usomaji. Futa sidi kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, si kwa kuzungusha. Usisahau upande wenye maandishi: tabaka linalobeba muziki liko chini yake kidogo tu, kwa hiyo mkwaruzo wa upande huo ni hatari kuliko wa upande unaong'aa.

Kisha punguza mwendo wa kusoma na uwashe mpangilio wa kurekebisha makosa, kama programu yako inao. Programu ya Exact Audio Copy, inayotolewa bure kwa kompyuta za Windows, husoma kila sehemu zaidi ya mara moja na kuonyesha mahali penye kosa. Inachukua muda, lakini sidi ya pekee inastahili muda huo.

Sauti ni safi lakini nyembamba, matoazi yanalia kama maji

Hapa tatizo ni kiwango cha biti. Sidi ya muziki, iliyoingia sokoni mwaka 1982 kwa kazi ya Philips na Sony, hubeba kilobiti 1,411 kwa kila sekunde, yaani takriban megabaiti 10 kwa dakika. MP3 hupunguza mzigo huo kwa kutupa sauti ambazo sikio haliwezi kuzisikia vizuri. Ukiweka 128, umetupa nyingi. Kwenye simu ndogo hutasikia tofauti, ila kwenye spika kubwa za harusi kila mtu atasikia.

Piga hesabu ya kadi ya gigabaiti 4, kwa nyimbo za dakika nne. Kwa 128 zinaingia kama 1,000. Kwa 192 kama 700. Kwa 320 kama 400. Mwenye redio ya bodaboda anaweza kutosheka na 192. Mwenye kupiga muziki ukumbini mpe 320. Muulize mteja atapigia wapi kabla ya kumuuzia wingi wa nyimbo.

Faili haifunguki kwenye redio ya mteja

Angalia aina ya faili. Windows Media Player katika matoleo mengi ya zamani huhifadhi kwa WMA usipobadilisha, na redio nyingi ndogo husoma MP3 tu. Fungua mipangilio ya kunakili, chagua MP3, kisha weka kiwango. Matoleo hayo ya zamani yana pia alama ya kulinda nakala. Ikiachwa, wimbo unaweza kukataa kufunguka kwenye kompyuta nyingine. Iondoe kabla ya kuanza.

Umepandisha hadi 320 lakini hakuna kilichobadilika

Kilichotupwa hakirudi. Ukichukua MP3 ya 128 na kuigeuza kuwa ya 320, faili inanenepa, sauti inabaki ile ile. Vivyo hivyo kwa sidi iliyochomwa kutokana na MP3 mbovu: inaonekana sidi, ndani ni MP3. Rudi kwenye sidi ya asili.

Kwa sababu hiyo, weka kwanza nakala mama kwa FLAC. Aina hii hupunguza ukubwa hadi karibu nusu bila kutupa chochote. Kutoka kwa mama huyo utatoa MP3 za kila kiwango bila kuigusa tena sidi. Hifadhi nakala mama kwenye diski mbili tofauti, moja mbali na duka.

Ruhusa kwanza

Sheria ya Hakimiliki na Haki Jirani ya Uganda ya mwaka 2006 inakataza kunakili na kuuza kazi ya msanii bila idhini yake. Njia salama ni kuzungumza na vikundi vya hapa hapa Arua na Koboko, mkaandikiana, nao wakupe sidi ya asili. Wao wanapata mtu wa kuihifadhi kazi yao, nawe unapata nakala ambayo jirani yako hana.

Kabla ya kumkabidhi mteja flashi, chomeka kwenye spika na usikilize wimbo wa kwanza, wa katikati na wa mwisho. Dakika tano hizo ni nafuu kuliko mteja aliyefika Kaya na flashi isiyolia.