Mabao ya Mwanafunzi na Kiasi cha Kuyaamini

Katika shule za sekondari za Marekani, ambako mechi ya kandanda huchezwa vipindi viwili vya dakika 40 kila kimoja, imekuwa desturi kuorodhesha, kwa jina la kila mwanafunzi, mabao aliyofunga, pasi zake zilizozaa mabao, na, akiwa mlinda mlango, mikwaju aliyookoa na mechi alizomaliza bila ya kufungwa. Na orodha hiyo, ambayo aghalabu huandikwa na kocha mwenyewe au na mzazi aliyejitolea kukaa na daftari kando ya uwanja, husomwa kwa heshima ipasayo hati ya kadhi. Mimi, ambaye shughuli yangu ni takwimu, sioni taksiri yoyote katika kuiandika. Taksiri naiona katika kuilazimisha itoe ushahidi usiokuwa katika uwezo wake.

Kwanza ni kuhesabu kwenyewe. Bao ndilo jambo lililo wazi kuliko yote uwanjani, na hata hivyo mwezi wa Aprili 2001, Australia ilipocheza na Samoa ya Marekani katika mechi ya kuwania Kombe la Dunia, ubao wa matokeo ulionyesha 32 kwa sifuri mechi ilipokwisha, hali hesabu rasmi ya mwamuzi ilikuwa 31. Ikiwa idadi ya mabao yaweza kupotea katika mechi ya mataifa, je, pasi ya bao itasalimikaje katika uwanja wa shule? Mashindano ya vyuo vikuu vya Marekani huruhusu wachezaji wawili kuandikiwa pasi kwa bao moja, na waandishi wengine humtambua wa mwisho peke yake. Mwandishi mmoja humhesabia mlinda mlango kila mpira aliodaka, na mwenziwe humhesabia ule tu ambao ungeingia wavuni lau asingeuzuia. Basi waandishi wawili waaminifu, waliotazama mchezo mmoja, hurudi na hesabu mbili, bila ya yeyote kati yao kusema uongo. Kampuni ya takwimu za michezo ya Opta, iliyoanza kazi Uingereza mwaka 1996, huwafundisha watu wake maana ya kila tendo kabla ya kuliandika. Daftari la shule halina ulinzi huo.

Kisha hutazamwa nani aliyefungwa. Katika mechi hiyo ya Australia, Archie Thompson alifunga mabao 13 peke yake, lakini wapinzani wake wengi walikuwa vijana waliokusanywa kwa haraka kwa sababu ya matatizo ya pasipoti. Shuleni tofauti za namna hii ni jambo la kila juma. Shirikisho la kandanda la Marekani lilianzisha ligi ya akademia mwaka 2007, na toka 2012 hadi ilipofungwa mwaka 2020 wachezaji wake walikatazwa, isipokuwa wachache, kuchezea shule zao. Hivyo wilaya moja ilibaki na hodari wake wote na nyingine ikanyang'anywa, na mabao 20 ya huku hayakuwa na uzito wa mabao 20 ya kule.

Lakini adui mkubwa wa takwimu hizi ni uchache wake, na hapa naomba msomaji anivumilie. Kandanda ni mchezo wa mabao adimu: Kombe la Dunia la 2022 lilitoa mabao 172 katika mechi 64, yaani yasiyofika 3 kwa mechi. Jambo likiwa adimu, bahati hupata nafasi kubwa ndani yake. Tuseme mwanafunzi amefunga mabao 12 katika mechi 18. Hata kama uwezo wake haukubadilika kamwe, msimu ungerudiwa mara nyingi, mara nyingine angepata 8 au 9, na mara nyingine 15 au 16, kwa kuwa kipeuo cha pili cha 12 ni karibu 3.5, na hicho ndicho kiasi cha kawaida cha kuyumba kwa hesabu kama hii. Mwenziwe mwenye mabao 9 hawezi basi kuhukumiwa kwa yakini kuwa ni dhaifu kuliko yeye. Mwaka 1994 Oleg Salenko wa Urusi aliifunga Kameruni mabao 5 katika mechi moja ya Kombe la Dunia, akagawana na Hristo Stoichkov cheo cha mfungaji bora. Timu yake ilitolewa katika duru ya kwanza, wala yeye hakuichezea tena nchi yake baada ya siku hiyo.

Najua kijana huumia anapoona jina lake limekaa chini ya la rafiki yake kwa tofauti ya mabao mawili, na nachukizwa na mtu mzima anayemwambia kwamba tofauti hiyo ndiyo kipimo chake.

Ningeshauri shule ziandike dakika alizocheza kila mmoja, maana mabao 6 ya mchezaji wa akiba yaweza kuzidi 10 ya asiyetolewa. Ziandike idadi ya mikwaju iliyomkabili mlinda mlango, kwa kuwa mwenye mabeki imara humaliza mechi nyingi bila ya kufungwa akiwa hajaguswa. Zijumlishe miaka yote 4 ya masomo badala ya msimu mmoja. Na maana ya pasi ya bao ikubaliwe na timu zote kabla ya kipenga cha kwanza. Ama beki wa kati, anayesimama mahali panapomzuia mshambuliaji hata asipewe mpira kabisa, kazi yake haina safu katika daftari, na kwake yeye kocha aandike sentensi mbili au tatu za maelezo kwa mkono wake.