Kabla ya kulipia kiti, kipindue

Mnunuzi wa viti vya mezani, awe Keko jijini Dar es Salaam au kando ya Ngong Road jijini Nairobi, hupapasa vanishi, hukikalia kiti mara moja, kisha huanza kupatana bei. Ningemsihi akipindue kwanza, atazame mguu wa nyuma unapokutana na mbao ya ubavuni inayobeba kikalio. Kila mtu anapoegemea nyuma, uzito wake huikamua pembe ile. Viti vingi hulegea hapo hata kitambaa hakijachakaa.

Mbao ina nyuzi zinazokwenda kwa urefu wake. Gundi hushika vizuri ubavu kwa ubavu, lakini pale msumeno ulipozikata nyuzi, kichwani mwa mbao, gundi hunywewa na kuachia upesi. Skrubu nayo ikiingia kichwani hupita katikati ya nyuzi, isipate cha kuuma. Na kiti cha haraka huungwa hivyo hasa: gundi kidogo, skrubu mbili zikapita mguuni hadi kichwani mwa mbao ya ubavuni, tundu zikazibwa kwa vumbi la mbao.

Fundi makini huchonga ncha ya mbao hiyo ikawa ulimi, akachimba tundu mguuni kwa patasi. Sasa gundi imepata ubavu kwa ubavu pande zote mbili za ulimi, na mabega yaliyobaki yanaegemea mguu na kuuzuia usiyumbe. Unene wa ulimi huwa takriban theluthi ya unene wa mbao: mbao ya milimita 30, ulimi wa 10. Ukizidisha, kuta za tundu hupasuka. Ukipunguza, ulimi hukatika.

Mbinu ninayoiheshimu kuliko zote ni ya kukazia kigingi. Mguu hutobolewa kwanza. Ulimi huingizwa, huwekwa alama kupitia tobo hilo, hutolewa, kisha nao hutobolewa, ila si penye alama: milimita moja hivi kuelekea bega. Kigingi kikigongwa hulazimika kupinda kidogo, na kwa kupinda huuvuta ulimi ndani mpaka bega libane. Kiungo hicho husimama hata bila gundi wala jiriwa.

Vijiti vya mviringo vinavyotiwa gundi ni vya haraka zaidi na vinafaa kwa kazi nyepesi. Kwenye kiti sivitegemei, kwa kuwa eneo la gundi ni dogo. Droo ya kabati, inayovutwa kila siku, inataka pembe za meno yaliyotanuka nchani, ambayo hayachomoki kuelekea mbele.

Skrubu nayo ina mahali pake pa heshima: chini ya uso wa meza. Mbao hutanuka masika na kusinyaa kiangazi, karibu kwa upana pekee. Uso uliogandishwa kwa gundi kwenye fremu yake utapasuka. Skrubu iliyopitishwa kwenye tundu refu kidogo huuacha usogee. Na kwa kabati la chipibodi, isiyo na nyuzi ndefu, ulimi hauna faida.

Kiungo kilichofungwa hakionekani ndani. Kwa hiyo mwombe fundi akuonyeshe kiti ambacho bado hakijaunganishwa. Akileta vipande vyenye ulimi na tundu, na bei yake imeipita ya jirani, jua unalipia saa za patasi.