Shingo, Firigisi na Miguu ya Kuku: Kitoweo Laini kwa Bei Nafuu

Mteja anayeingia katika duka la kuku siku hizi halazimiki kununua kuku mzima. Kidari, paja na mabawa hukatwa na kupimwa kwa kilo, na ndivyo vipande vinavyoisha kwanza. Pembeni, ndani ya beseni au chini kabisa ya friza, hubaki shingo, migongo, firigisi, miguu na vichwa. Bei yake huwa ya chini kuliko ya kidari, lakini familia nyingi huvipita. Wapo wanaovinunua kwa ajili ya mbwa. Wapo pia waliowahi kuvikaanga haraka haraka kama wanavyokaanga paja, wakashindwa kuvitafuna, na hawajavirudia tena.

Kwa familia inayokula nyama mara moja kwa wiki, au inayoingoja hadi sikukuu, vipande hivi vinaweza kuleta kitoweo mezani siku moja au mbili zaidi kwa pesa zilezile. Vinachodai ni maji, moto mdogo na subira ya mpishi.

Kwa nini huwa vigumu

Ugumu wa nyama hutegemea sana kazi ambayo sehemu hiyo ilifanya kuku akiwa hai. Kuku wa kufugwa karibu haruki kabisa, hivyo misuli ya kifua chake haichoki, na kidari huwa laini. Shingo huinama na kuinuka kila anapodonoa. Miguu hubeba mwili mzima. Firigisi ndiyo yenye kazi kubwa kuliko zote: kuku hana meno, kwa hiyo mahindi, wadudu na majani anayomeza husagwa humo, pamoja na vijiwe anavyookota, mchana kutwa.

Sehemu zinazofanya kazi namna hiyo hushikiliwa na kano na utando uliojengwa kwa protini iitwayo kolajeni. Ikikutana na joto kali na kavu kwa muda mfupi, kolajeni hujikunja na kukaza, ndiyo maana shingo iliyokaangwa haraka huwa kama mpira. Ikikaa ndani ya maji ya moto kwa muda mrefu, hulegea na kuyeyuka, ikawa jelatini, kile kitu kinachofanya supu inate kwenye midomo na kuganda ikipoa. Hivyo saa moja ya jikoni inayokausha kidari hadi kikawa kama pamba ndiyo hiyohiyo inayolainisha shingo.

Moto usiwe mkali. Maji yakishaanza kuchemka, kuongeza makaa au gesi hakuyapi joto zaidi, huyageuza mvuke tu na kumaliza mtungi. Punguza moto hadi viputo vichache vionekane kando ya sufuria, kisha funika. Nyama itaiva kwa muda uleule, supu haitakuwa na ukungu, na gesi itabaki ya kupikia kesho.

Umri wa kuku nao huhesabiwa. Kuku wa nyama, yule anayeitwa broila, huchinjwa akiwa na wiki 5 au 6 hivi, na viungo vyake bado ni vichanga. Kuku wa mayai huuzwa akiwa amepunguza kutaga, mara nyingi baada ya mwaka mmoja na nusu au zaidi, na kuku wa kienyeji anaweza kuwa mzee kuliko hapo. Shingo ya broila huiva kwa dakika 45. Ya kuku mzee huenda ikahitaji saa mbili.

Kununua na kusafisha

Chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, machinjio ya kaunti, huduma za mifugo na utoaji leseni kwa wauzaji wa chakula ni majukumu ya serikali za kaunti. Mnunuzi ana haki ya kuona leseni ya duka na kuuliza kuku walichinjiwa wapi. Nyama nzuri haina harufu ya uchachu, hainati wala haitelezi kama sabuni, na haina rangi ya kijani. Kuku aliyekufa mwenyewe, awe wa kideri au wa ugonjwa usiojulikana, haliwi wala hauzwi, hata bei ikishuka namna gani. Kuku wengi wakifa kwa ghafla, afisa wa mifugo wa wadi anapaswa kuarifiwa siku hiyohiyo.

Wafugaji wanaouza kuku wa mayai waliozeeka nao wana wajibu wao. Dawa nyingi za mifugo huwa na maelezo ya idadi ya siku zinazopaswa kupita kati ya dozi ya mwisho na kuchinja. Siku hizo zikirukwa, mabaki ya dawa huishia kwenye sahani ya mtoto wa mtu.

Nyumbani, kuku mbichi anaweza kuwa na vijidudu kama salmonela na kampilobakta. Moto huviua. Hatari kubwa huwa kabla ya kufika motoni, hasa pale nyama inapooshwa chini ya mfereji unaomwaga kwa nguvu na matone kurukia kachumbari au vyombo safi vilivyo kando. Shingo na miguu zinazohitaji kusafishwa zioshwe taratibu ndani ya beseni lenye maji kidogo, kisha beseni, kisu, ubao na mikono vioshwe kwa sabuni. Mboga za kuliwa mbichi zikatwe kwanza, nyama baadaye.

Firigisi: chemsha kwanza, kaanga baadaye

Katika jamii za Waluhya firigisi huitwa imondo, na kwa desturi ilikuwa ya baba mwenye nyumba. Kuku mmoja ana firigisi moja, na mwana aliyeidokoa jikoni alikuwa na maelezo ya kutoa. Leo inauzwa kwa kilo, na hakuna sababu ya mama na watoto kuendelea kuitazama tu. Wao ndio wanaoihitaji zaidi. Firigisi ina madini ya chuma, na chuma cha nyama huingia mwilini kwa urahisi kuliko kile cha mboga peke yake. Ikiliwa pamoja na sukuma wiki au kunde iliyokamuliwa ndimu, huusaidia mwili kufyonza na chuma cha mboga hizo. Chai ya majani ingoje saa moja hivi baada ya mlo, kwa kuwa hupunguza kazi hiyo.

Aliyechinja nyumbani aipasue firigisi upande mmoja, amwage mchanga na vijiwe, kisha ang'oe utando wa manjano ulio ndani kwa kucha au ncha ya kisu. Utando huo ukibaki, hakuna upishi utakaouficha. Za dukani mara nyingi huwa zimeshasafishwa, lakini inafaa kuzikagua moja moja, maana vipande vya manjano husahaulika kwenye mikunjo. Zisugue kwa chumvi, zisuuze, kisha uzikate mara mbili au tatu.

Hapa ndipo wapishi wengi huharibu. Firigisi haitiwi kwenye mafuta ikiwa mbichi. Nusu kilo iwekwe ndani ya maji yanayoifunika, na kipande cha tangawizi iliyopondwa na chumvi kidogo, ichemke polepole kwa dakika 45 hadi saa moja. Kipimo ni uma: ukipenya bila kusukumwa, tayari. Maji yakiwa yamebaki kidogo, yahifadhiwe. Kaanga vitunguu viwili hadi viwe vya kahawia, tia kitunguu saumu, firigisi na hoho, uzigeuze hadi zipate rangi. Kisha weka nyanya mbili na yale maji yaliyohifadhiwa. Acha rojo iwe nzito, umalizie kwa dania. Ni kitoweo cha ugali, na hata kwa chapati kinakubali.

Maini, ambayo mara nyingi huuzwa pamoja na firigisi, yatenganishwe mapema. Yenyewe hayataki muda. Dakika chache tu ndani ya rojo inayochemka humtosha mpishi, mradi yaive hadi ndani na yasibaki na wekundu. Yana chuma kingi, lakini pia vitamini A nyingi mno, kwa hiyo mama mjamzito aulize kliniki kabla ya kuyala mara kwa mara.

Shingo na migongo: sufuria moja, milo miwili

Kilo moja ya shingo na migongo ya broila hutosha familia ya watu watano, na supu hubaki. Ngozi ya shingo huficha mafuta mengi chini yake. Aliyeshauriwa na daktari kupunguza mafuta aivue kabla ya kupika.

Weka nyama ndani ya lita mbili za maji baridi, kisha uwashe moto. Ukianza na maji baridi, povu la kijivu hupanda juu na kuondolewa kwa kijiko kwa urahisi. Povu likiisha, tia kitunguu kimoja kilichokatwa, tangawizi, karoti, pilipili manga kidogo na chumvi. Punguza moto, funika, na uiache dakika 45. Shingo ikilainika, nyama huachia mfupa kwa kuguswa na kidole.

Itoe, ipoe kidogo, halafu nyama ichambuliwe kwa mkono. Kazi hii isirukwe nyumba ikiwa na watoto wadogo au wazee. Mifupa ya shingo ni midogo, ina pembe, na hukwama kooni. Vidole hugundua vipande ambavyo macho hayavioni. Nyama iliyochambuliwa hurudishwa ndani ya nusu ya supu pamoja na viazi au ndizi mbichi zilizokatwa, ikapikwa tena hadi viazi viive na kuanza kumomonyoka. Wanaopenda ladha ya pwani hupunguza maji tangu mwanzo, wakatia bizari kidogo, na mwishoni tui la nazi na ndimu. Tui likishatiwa lisichemke kwa nguvu, litakatika.

Nusu ya pili ya supu hupikia wali: vikombe vinne vya supu kwa vikombe viwili vya mchele. Mtoto anayekataa nyama mara nyingi humaliza wali huo bila kuulizwa chochote.

Miguu na kuku mzee

Watu hupanga foleni asubuhi kunywa supu ya miguu ya ng'ombe au ya kichwa cha mbuzi. Miguu ya kuku hutoa supu ya aina ileile kwa kuwa imejaa ngozi na kano, ila huchukuliwa kuwa chakula cha asiye na uwezo, jambo linaloinyima heshima inayostahili. Chovya miguu kwenye maji yanayochemka kwa nusu dakika, vua ngozi ya nje ikiwa bado ya moto, kata ncha za kucha, na ukwangue sehemu nyeusi chini ya wayo. Ipike polepole kwa saa moja na nusu pamoja na kitunguu saumu, tangawizi na pilipili. Nyama ni kidogo sana, faida iko kwenye supu. Vichwa, vikiwa vimenyonyolewa na kuoshwa vizuri, hutiwa humo humo.

Kuku mzee mzima ndiye anayekula makaa. Sufuria ya presha hummaliza kwa dakika 40 hivi. Asiye nayo anaweza kutumia kikapu cha kuhifadhi joto, kile ambacho vikundi vya akina mama hushona kwa kujaza sponji au nguo kuukuu. Kuku aliyekatwa vipande huchemshwa motoni kwa dakika 30, sufuria ikiwa imejaa, kisha hufunikwa na kuingizwa kikapuni mara moja bila kufunuliwa. Baada ya saa tatu hutolewa, na ni lazima supu ichemshwe tena kabla ya kuliwa. Asilazwe humo hadi asubuhi: joto likishashuka na kuwa vuguvugu, vijidudu hupata makao.

Hali ni hiyo kwa supu yoyote. Isikae mezani zaidi ya saa mbili. Penye friji, igawanywe katika vyombo vidogo ili ipoe haraka, ikae siku mbili au tatu, na kila inapotolewa ichemke kikamilifu. Pasipo na friji, ni afadhali kupika kiasi cha siku moja. Ikishapoa kwenye friji, mafuta huganda juu kama samli. Kwa wasiokatazwa mafuta, kijiko kimoja chake hukaangia sukuma wiki ya siku inayofuata.