Mswada nao hukobolewa kabla ya kupelekwa sokoni

MKULIMA wa Ipyana hapeleki mpunga sokoni akadai bei ya mchele. Huukausha, huukoboa mashineni, kisha huupepeta na kuuchagua mawe. Kakao nayo huvundikwa na kuanikwa kabla ya kufikishwa mnadani. Lakini mkulima huyohuyo akiandika kitabu, mara nyingi hukipeleka kwa mchapishaji kikiwa bado na pumba zake.

Ya kuandika Kyela hayakosekani. Ipo historia ya misheni ya Ipyana iliyoanzishwa na Wamoravian mwaka 1894, zipo methali za Kinyakyusa, upo ujuzi wa mpunga na michikichi. Harrison Mwakyembe, aliyekuwa mbunge wa Kyela tangu 2005 hadi 2020, alitoa riwaya yake Pepo ya Mabwege miaka mingi kabla ya kuingia bungeni.

Mchapishaji si mchapaji

Hapa ndipo wengi hupoteza fedha. Mchapishaji kwa kawaida hutumia mtaji wake: huhariri, husanifu, huchapa na kuuza, kisha humlipa mwandishi mrabaha. Mchapaji ni mwenye mashine. Utamlipa kwa kila nakala, na mzigo wa kuuza utabaki nyumbani kwako. Ukidaiwa fedha, uliza kwanza unazungumza na yupi.

Kwa kuwa uhariri wa mwisho hugharimiwa na mchapishaji, mhariri unayemlipa wewe ana kazi moja tu: kuufanya mswada uvuke kurasa za mwanzo bila kutupwa kando.

Anza na kazi isiyo na malipo

Ukimaliza kuandika, weka mswada kando kwa mwezi mzima. Kisha usome kwa sauti; pale ulimi unapokwama, sentensi ina kasoro. Chunguza makosa yanayowakuta wengi, kama kuchanganya r na l, au kuandika "kwasababu" badala ya "kwa sababu". Kamusi ya Kiswahili Sanifu au Kamusi Kuu ya BAKITA itakusaidia.

Baada ya hapo wape watu watatu wasome, mmoja wao awe mwalimu wa Kiswahili. Usiwaulize kama kitabu ni kizuri, maana watakusifu. Waombe waweke alama walipochoka na wasipoelewa.

Piga hesabu kabla ya kulipa

Tuchukue mfano. Mswada una kurasa 120 na mhariri anataka Sh1,000 kwa ukurasa. Utalipa Sh120,000. Kitabu kikiuzwa Sh10,000 na mrabaha wako ukawa asilimia 10, unapata Sh1,000 kwa nakala. Itabidi ziuzwe nakala 120 ndipo urudishe fedha zako. Mhariri akitaka Sh3,000, zitahitajika nakala 360. Ukiona hesabu haikai sawa, usiuze gunia la mchele la chakula cha watoto; lipia sura mbili za mwanzo tu, jifunze alivyosahihisha, kisha sahihisha zilizobaki mwenyewe.

Kabla ya kukubaliana, mpe kurasa tano za majaribio. Mweleze unachotaka: apange mtiririko wa sura, au asahihishe lugha? Kazi hizo ni mbili na bei zake si sawa. Mtiririko hutangulia, kwani hakuna faida kusafisha ukurasa utakaoondolewa kesho.

Makubaliano yaandikwe: bei, siku ya kumaliza, na kwamba kitabu ni chako. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 humlinda mwandishi, na msimamizi wake ni COSOTA. Kusahihisha lugha hakumfanyi mhariri kuwa mwenye kitabu. Baki na nakala yako, usikabidhi daftari pekee ulilonalo.

Mwisho, uliza mchapishaji anachapa vitabu vya aina gani kabla ya kutuma. Mnunuzi wa kakao hapelekewi mawese, hata yawe safi namna gani.