Nyumba Yako, Kiwanja cha Nani?

Katika miji midogo ya Marekani, hasa ya Kusini na ya Magharibi ya Kati, kuna ombi linalojaza ukumbi wa baraza la mji kuliko hata bajeti. Mwenye shamba lililo nje kidogo ya mpaka anaomba shamba lake liingizwe mjini, na nyuma yake yuko mjenzi anayetaka kupanga humo mamia ya nyumba za kiwandani, zile ambazo wengi bado wanaziita treila. Kinachomleta mjenzi kwa madiwani ni mabomba. Nyumba nyingi zilizobanana haziwezi kutegemea visima na mashimo ya maji taka, na mji kwa kawaida haupendi kufikisha maji yake kwa mtu asiyelipa kodi ya mji.

Waswahili wanaoishi huko wamo pande zote mbili za ukumbi. Yuko aliyekwisha kununua nyumba ya matofali jirani na shamba hilo, anaogopa bei yake itashuka. Yuko pia mwenzake anayelipa apatimenti kila mwezi bila kubakiwa na kitu, anayeuona mradi huo kama nafasi yake ya kwanza ya kumiliki paa. Hesabu zao zinakutana mahali pamoja: nani atamiliki ardhi iliyo chini ya nyumba hizo.

Tuanze na nyumba yenyewe, maana hapo hofu nyingi zimepitwa na wakati. Tangu Juni 15, 1976, kila nyumba ya aina hii hujengwa kwa kanuni za HUD, wizara ya nyumba ya serikali kuu, na hubandikwa kibati chekundu nje ya kila kipande chake. Ukitazama nyumba kuukuu isiyo na kibati hicho, ondoka. Mabenki mengi hayataigusa. Nyumba mpya, kwa takwimu za mwaka 2023, iliuzwa kwa wastani wa takriban dola 124,000: ya kipande kimoja kati ya 80,000 na 90,000, ya vipande viwili zaidi ya 150,000. Kwa kila futi ya mraba hiyo ni kama nusu ya gharama ya nyumba iliyojengwa papo hapo kiwanjani. Lakini bei ya uwanjani kwa muuzaji mara nyingi ni ya nyumba tupu. Kuisafirisha, kuisimamisha, kuifunga kwa nanga, ngazi, kuzungushia chini, kuunganisha umeme na maji: dai kila kimoja kiandikwe kwenye ankara kabla hujatoa malipo ya awali.

Sasa kiwanja. Mtu wa Mombasa hahitaji semina kuelewa jambo hili. Kule, vizazi vimejenga nyumba za Kiswahili juu ya ardhi ya mtu mwingine, wakilipa kodi ya kiwanja. Nyumba ni yako, mchanga si wako, na siku mwenye ardhi akiuza, mnunuzi mpya anakukuta juu ya mali yake. Mtaa wa kukodi wa nyumba za kiwandani Marekani ni mkataba uleule wenye lami na taa. Tena kuhama si rahisi kama jina la treila linavyodokeza: kuing'oa nyumba na kuisimamisha kwingine hugharimu maelfu ya dola, nyingine zimezeeka mno kwa safari, na mitaa mingi haipokei nyumba iliyotumika.

Ardhi ndiyo pia inayoamua mkopo. Nyumba iliyo juu ya kiwanja cha kukodi kwa kawaida huhesabiwa kama mali inayohamishika, na hati yake hufanana na ya gari. Mkopo wake una riba ya juu, muda mfupi na kinga chache ukishindwa kulipa. CFPB, mamlaka ya shirikisho inayowalinda watumiaji wa huduma za fedha, ilionyesha mwaka 2021 kwamba takriban asilimia 42 ya mikopo ya kununulia nyumba hizi ilikuwa ya namna hiyo.

Nichukue tarakimu za mfano tu. Nyumba ya dola 100,000, mkopo wa miaka 20 kwa riba ya asilimia 9.5: marejesho ni kama dola 932 kwa mwezi. Ongeza kodi ya kiwanja ya dola 600, unatoa 1,532. Upande wa pili, nyumba ileile, kiwanja cha dola 50,000, na dola 35,000 za msingi na kuunganisha huduma, vyote katika rehani ya kawaida ya miaka 30 kwa asilimia 7: kama dola 1,231. Weka dola 200 za kodi ya mali, unafika 1,431. Aliyenunua ardhi analipa pungufu, ingawa deni lake ni kubwa zaidi na ni la miaka kumi zaidi. Tena rehani ya riba isiyobadilika haipandi. Kodi ya kiwanja ya dola 600 ikipanda asilimia 5 kila mwaka, baada ya miaka kumi inakaribia 980.

Na asilimia 5 ni upole. Mwaka 2019, huko North Liberty, Iowa, mji ulio jirani na Iowa City wenye Wakongomani wengi, wawekezaji kutoka jimbo lingine walinunua mtaa wa nyumba hizi na kutangaza kodi ya kiwanja kupanda kwa zaidi ya nusu kwa mkupuo mmoja. Wakazi wengi walikuwa wamekwisha kulipia nyumba zao. Walikuwa na paa lisilo na deni na hawakuwa na pa kulipeleka.

Ipo njia ya tatu: wakazi wenyewe kuununua mtaa kwa ushirika. Huko New Hampshire ilianza mwaka 1984, na leo mtandao wa ROC USA una mamia ya mitaa ya namna hiyo. Kodi ya kiwanja hulipwa bado, ila hupangwa na wakazi kwenye mkutano wao. Kwa watu waliolelewa na vyama vya kuweka na kukopa, hili si geni, na nashangaa kwamba tunalizungumza kidogo sana.

Nirudi kwa jirani mwenye nyumba ya matofali. Kuhusu bei, FHFA, mamlaka ya shirikisho ya rehani za nyumba, hufuatilia bei za nyumba za kiwandani zenye rehani ya kawaida, na kwa miaka mingi zimepanda kwa mwendo unaokaribiana na wa nyumba nyingine. Jirani anayesema kwa jumla kwamba treila huoza thamani anarudia mambo ya zamani. Anayeuliza kama mwenye mtaa atatunza barabara za ndani ana hoja. Hoja nzito zaidi ni maji ya mvua: shamba lililokuwa likinywa mvua likifunikwa kwa saruji na paa, maji yatatafuta njia, na njia hiyo huenda ikawa ghorofa yako ya chini ya ardhi. Barabara ya njia mbili na madarasa yaliyojaa ni hoja halali pia, lakini zingekuwapo hata kama zingejengwa nyumba za matofali kwa idadi ileile. Kukataa nyumba kwa sababu tu zimetoka kiwandani ni jambo ambalo baadhi ya mahakama zimelipinga. Mahakama ya Juu ya Michigan ilifanya hivyo mwaka 1981 katika kesi ya Robinson Township, si mbali na Grand Rapids.

Kuingizwa mjini kuna bili yake. Mnunuzi ataongezewa kodi ya mji juu ya ile ya kaunti na ya shule. Atapata zimamoto ya karibu, ambayo inaweza kupunguza bima, na maji kwa bei ya wakazi. Miji mingi huwatoza walio nje ya mpaka zaidi kwa maji yaleyale. Jirani asiyeingizwa haongezewi kodi ya mji kwa hatua hiyo, ila aulize kama mpaka mpya utamfikia kesho. Texas, tangu 2019, miji kwa sehemu kubwa haiwezi kumwingiza mtu bila ridhaa yake au kura. Majimbo mengine yana sheria nyingine.

Upepo nao usisahauliwe. Baada ya kimbunga Andrew cha 1992, HUD ilikaza kanuni za upepo kwa maeneo ya pwani, lakini hakuna nyumba ya kiwandani inayofaa kujifichia tonado. Minnesota inaitaka mitaa mipya ya nyumba hizi iwe na hifadhi ya dhoruba. Kwingine ni juu yenu kuidai.

Wakati wa kuidai ni kabla ya kura ya madiwani. Mpaka ukishasogezwa na matumizi ya ardhi yakishapitishwa, mjenzi hana tena sababu ya kukubali sharti jipya. Hifadhi ya dhoruba, bwawa la kuzuia mafuriko, idadi ya nyumba, viwanja kuuzwa au kukodishwa, na haki ya wakazi kununua mtaa kwanza endapo utauzwa: yaombeni yaingie katika makubaliano ya maandishi kati ya mji na mjenzi, kadiri sheria ya jimbo inavyoruhusu. Ajabu ni kwamba jirani mwenye hofu na mnunuzi mwenye njaa ya nyumba wanaweza kusimama kwenye kipaza sauti kimoja na kuomba karibu orodha ileile.